Shajara ya mradi: vumbi la kiwanda cha saruji, kutoka bombani hadi barabarani

Lengo

Mradi unajibu swali moja: vumbi linalotua kwenye makazi ya jirani linatoka sehemu gani ya kiwanda, na je, kibali cha kiwanda kinaifikia sehemu hiyo? Kiwanda kina tanuri moja lenye bomba refu na chujio la mifuko, banda la klinka (mawe madogo yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji) lililo wazi upande mmoja, vinu vya kusagia, sehemu ya kupakia, na barabara ya udongo inayotoka machimbo ya mawe ya chokaa hadi kwenye mashine ya kuvunjia mawe. Makazi yako pande mbili.

Kibali kinadai vipimo vya bomba peke yake. Bomba linaonekana kutoka mbali, lina tundu la kupimia na lina ukomo ulioandikwa, basi macho yote huenda huko. Barabara haina tundu wala ukomo.

Viwango vya kulinganishia ni vya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021. Kwa mikrogramu katika mita moja ya ujazo: PM2.5 (chembe za vumbi zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana) ni 15 kwa wastani wa saa 24 na 5 kwa mwaka. PM10 (zisizozidi mikroni 10) ni 45 na 15. Nitrojeni dioksidi ni 25 na 10. Salfa dioksidi ni 40 kwa saa 24. Huo ni mwongozo, si sheria. Ukomo wa kisheria huwekwa na kila nchi. Wastani wa saa 24 katika mwongozo huo unaruhusiwa kuvukwa siku tatu hadi nne kwa mwaka. Tumeandika pia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la takwimu: usomaji wa dakika moja hauwekwi kamwe kando ya ukomo wa saa 24. Picha ya simu inayoonyesha kihisi kikisoma 300 tipa likipita haithibitishi kwamba ukomo umevukwa, na mwanasheria wa kiwanda atalisema hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mlingoti wa upepo: umekamilika

Tumeanza na upepo kabla ya vumbi, kwa sababu namba ya vumbi isiyo na mwelekeo wa upepo haimtaji mtu. Kipima upepo kimefungwa mita 10 juu ya ardhi. Kanuni ya umbali ni kwamba kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya kimo chake. Silo ya mita 30 inadai mita 300. Hilo liliondoa nafasi zote za ndani ya uzio zilizopendekezwa mwanzoni, likiwemo paa la ofisi. Paa huvutia kwa sababu lina umeme na ulinzi, lakini upepo unaopimwa hapo ni ule uliokwisha kupindwa na jengo lenyewe.

Alama ya kaskazini ya kifaa imeelekezwa kwenye kaskazini halisi. Dira ya mkononi huonyesha kaskazini ya sumaku, na karibu na chuma cha mlingoti haiaminiki kabisa. Tumechukua alama mbili zinazoonekana kwenye ramani ya setilaiti, tukapiga mstari kati yake, tukalinganisha kifaa na mstari huo.

Vipimajoto viwili vimefungwa, kimoja mita 2 na kingine mita 10. Kazi yake ni kuonyesha iwapo hewa ya juu ina joto kuliko ya chini. Katika hewa kavu inayochanganyika vizuri, joto hushuka nyuzi 9.8 kwa kila kilomita, yaani nyuzi 0.08 tu kati ya mita 2 na mita 10. Kihisi chenye kosa la nyuzi 0.3 kinaweza kubuni hali isiyokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kupandishwa, vyote viwili vilikaa kwenye kibanda kimoja chenye feni, kimo kimoja, usiku na mchana, na tofauti yao ikaandikwa ili iondolewe katika kila usomaji wa baadaye. Vibanda visivyo na feni hupata joto la jua wakati wa utulivu, na wakati wa utulivu ndipo tunapouhitaji usomaji huo zaidi.

Picha iliyojitokeza hadi sasa ina sehemu tatu. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa, hewa baridi hulala chini ya hewa yenye joto na mchanganyiko hukatika. Vumbi la chini, la barabara na sehemu ya kupakia, hubaki hapo hapo na kusogea polepole kufuata mteremko kuelekea makazi ya bondeni. Moshi wa bomba wakati huo uko juu ya kifuniko hicho cha hewa yenye joto na hausumbui mtu. Baada ya jua kuchomoza mambo hugeuka: ardhi ikipata joto, mchanganyiko hupanda hadi kukutana na moshi uliolala juu na kuushusha chini kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja. Alasiri upepo hushika nguvu, moshi wa bomba husambaa, na rundo la mawe na klinka huanza kupeperushwa. Bomba, barabara na marundo, basi, kila kimoja kina wakati wake. Ratiba hii ndogo imetusaidia kuliko modeli yoyote ya kompyuta tuliyojaribu.

Kuhusu saa, vihisi vyote vinaandika UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia) na seva ndiyo inayogeuza kuwa saa za mahali. Daftari za zamu za kiwanda huandikwa kwa saa za Kiswahili, na “saa 2” ya mpakiaji wa asubuhi ikiingizwa kwenye kompyuta kama 02:00 humhamishia vumbi lake usiku wa manane. Fomu mpya ina safu mbili: saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa ya tarakimu nne.

Vituo vya vumbi: vitatu kati ya vinne vinafanya kazi

Kituo A kiko upande unakotoka upepo mkuu, B na C kwenye makazi, D kando ya barabara ya machimbo. Bila A, vumbi la eneo zima, la mashamba na moto wa majani, lingehesabiwa kuwa la kiwanda.

Mlango wa hewa wa kila kituo uko mita 3 juu ya ardhi, angalau mita 1 kutoka ukuta au nguzo inayoubeba, na nyuzi 270 za mzunguko wake ziko wazi. Miti iko zaidi ya mita 10 kutoka ukingo wa matawi, kwa sababu majani huchuja vumbi na kushusha usomaji. Jiko la kuni au jalala linalochomwa karibu linatosha kukiharibu kituo kizima. B ilihamishwa hata kabla ya kuwashwa kwa sababu hiyo.

Kituo C kina kifaa rejea cha miali ya beta: pampu huvuta lita 16.7 kwa dakika, vumbi hukaa kwenye utepe wa chujio, na kifaa hupima miali inavyopungua kupita kwenye doa hilo. Vituo vyote, C ikiwemo, vina pia kihisi cha bei nafuu kinachotumia mwanga wa leza. D bado haijatulia. Paneli yake ya sola inafunikwa na vumbi lile lile tunalolipima, betri inashuka kabla ya alfajiri, na saa zinazopotea ndizo zenye vumbi la usiku. Paneli imeinuliwa mwinuko mkali zaidi na betri inabadilishwa kwa yenye ujazo mara mbili. Takwimu huhifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu kwanza, ndipo zitumwe kwa laini ya simu. Mtandao ukikatika hakuna kinachopotea. Siku yenye saa chini ya 18 za usomaji mzuri haipewi wastani.

Vihisi vya leza: kilichofaa na kisichofaa

Vihisi vyote vimekaa kando ya kifaa rejea kabla ya kusambazwa, na vitarudishwa hapo msimu wa mvua. Marekebisho ya kiangazi hayafai masika, na sababu ni unyevu. Chembe zenye chumvi hunyonya maji na kuvimba. Leza huhesabu chembe iliyovimba kama uzito, ilhali kifaa rejea hupasha hewa joto na kuikausha kwanza. Hesabu inayotumika ni C = 1 + (κ ÷ 1.65) ÷ (1 ÷ a − 1), ambapo κ ni kipimo cha jinsi vumbi linavyonyonya maji, a ni unyevu wa hewa kwa sehemu ya moja, na usomaji hugawanywa kwa C (hapa ni kigawanyo, si kituo C). Kwa κ ya 0.4, unyevu wa asilimia 60 hutoa C ya 1.36, asilimia 85 hutoa 2.4, na asilimia 95 hutoa 5.6. Juu ya hapo tunatupa usomaji badala ya kuusahihisha, maana kosa dogo la kipima unyevu hugeuka kosa kubwa la vumbi. κ yenyewe haikopwi kwenye jedwali la mahali pengine: vumbi la mawe halinyonyi maji kama chumvi ya bahari, na κ ya kukopa itafuta vumbi la kweli.

Kuna shida nyingine ambayo haisahihishiki. Vihisi hivi huonyesha namba ya PM10, lakini namba hiyo kwa sehemu kubwa ni makisio yanayotokana na chembe ndogo. Feni yao ni dhaifu, chembe kubwa hazipindi kuingia tunduni, na zinazoingia hazihesabiwi sawasawa. Kwenye C ilionekana wazi: tipa zikipita mfululizo upepo ukivuma kutoka barabarani, kifaa rejea chenye kichwa cha PM10 kilipanda, na kihisi cha leza kando yake kikabaki karibu pale pale. Vumbi la barabara na la mawe ni chembe kubwa hasa. Anayepima machimbo kwa kihisi cha leza pekee atatoa cheti cha usafi bila kukusudia.

Kwa hiyo PM10 kwenye A na D inapimwa kwa karatasi za chujio za milimita 47, pampu ya lita 16.7 kwa dakika, saa 24, karibu mita za ujazo 24. Karatasi ikiongezeka miligramu 1.2, hiyo ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo. Kosa la miligramu 0.01 kwenye mizani ni mikrogramu 0.4, linavumilika. Lisilovumilika ni karatasi kupimwa unyevu ukiwa mmoja kabla na mwingine baada. Hukaa saa 24 kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, zikishikwa kwa koleo, umeme tuli ukiondolewa kabla ya mizani. Katika kila kundi kuna karatasi moja inayosafiri hadi kituoni na kurudi bila kuvuta hewa. Uzito wake ukibadilika, kundi zima linaangaliwa upya.

Bomba: ukaguzi wa ripoti za kiwanda

Ripoti za bomba zina namba nzuri, na zinaweza kuwa sahihi. Tunachokagua ni kama zimerejeshwa kwenye hali moja: nyuzi 0, kilopaskali 101.3, gesi kavu, na oksijeni rejea, ambayo kwa tanuri la saruji huwa asilimia 10. Hewa ya ziada inayoingia kwenye mitambo huzimua gesi na kupunguza miligramu kwa mita ya ujazo, ingawa kilo zinazotoka kwa saa ni zile zile. Marekebisho ni kuzidisha kwa (20.9 − 10) ÷ (20.9 − oksijeni iliyopimwa). Chukua usomaji wa miligramu 30 kwenye oksijeni ya asilimia 14: unakuwa 47. Kama ulikuwa wa gesi yenye maji asilimia 15, ugawe pia kwa 0.85, unafika karibu 56. Ripoti isiyotaja oksijeni na unyevu wa siku ya kipimo inarudishwa bila mjadala.

Kinachofuata ni mahali pa tundu la kupimia. Gesi iliyotoka kwenye kona huzunguka, na vumbi hulalia upande mmoja. Kipimo kizuri hudai vipenyo nane vya bomba lililonyooka kabla ya tundu na viwili baada yake, au nukta nyingi zaidi za kupimia ndani ya bomba kama nafasi haipo. Kasi ya kuvuta sampuli nayo ilingane na kasi ya gesi, kati ya asilimia 90 na 110. Ukivuta polepole mno, chembe kubwa hujisukuma zenyewe kuingia na namba hupanda. Ukivuta kwa nguvu mno, hewa hupindwa kuingia, chembe kubwa hupita kando na namba hushuka. Anayetaka namba ndogo anajua aelekee wapi.

Chujio la mifuko tunalifuata kwa tofauti ya shinikizo kati ya upande mchafu na upande safi. Ikipanda taratibu, mifuko inaziba au hewa ya kuipulizia ili kuisafisha haitoshi. Ikishuka ghafla bila uzalishaji kupungua, mfuko umechanika au umechomoka. Wastani wa siku huweza kuuficha mfuko mmoja uliochanika kwa muda mrefu, hivyo tumeomba takwimu za dakika, si za siku. Tumeomba pia vipindi vya kuwasha na kuzima tanuri, ambavyo vibali vingi huviacha nje ya ukomo.

Barabara: hesabu na ungo

Udongo wa barabara umefagiwa kwenye mikanda ya upana mzima, ukakaushwa na kupitishwa kwenye ungo wa mikroni 75. Kinachopita ndicho laini kinachorushwa na matairi. Mfumo wa hesabu ni wa AP-42, mwongozo wa shirika la mazingira la Marekani, kwa barabara za viwanda zisizo na lami: E = 1.5 × (s ÷ 12)^0.9 × (W ÷ 3)^0.45, jibu likiwa ratili za PM10 kwa maili, na kuzidisha kwa 281.9 hutoa gramu kwa kilomita. Hapa s ni asilimia ya udongo laini uliopita kwenye ungo, na W ni wastani wa uzito wa magari yakienda na kurudi, kwa tani fupi za Marekani zenye kilo 907. Wengi huingiza tani za kawaida hapo na kupata jibu dogo kuliko linavyopaswa kuwa.

Hesabu ya mfano, si vipimo vya kiwanda hiki: kiwanda cha tani 1,000 za klinka kwa siku huhitaji tani 1,500 hadi 1,600 za malighafi. Tuseme ni safari 60 za tipa, kilomita 1 kwenda na 1 kurudi, yaani kilomita 120. Kwa s ya asilimia 8 na W ya tani fupi 30, E ni gramu 830 hivi kwa kilomita, sawa na karibu kilo 100 za PM10 kwa siku isiyo na mvua wala kumwagia maji. Bomba linalotoa mita za ujazo 100,000 kwa saa likiwa na miligramu 20 tu hutoa kilo 2 kwa saa, kilo 48 kwa siku, tena juu angani ambako upepo hulizimua. Barabara hutoa yake kwenye kimo cha pua.

Mfumo huu wa barabara za viwanda hauna mwendo kasi ndani yake, kwa hiyo faida ya kupunguza mwendo haitaonekana kwenye karatasi hata kama inaonekana kwa macho. Maji yanaonekana: ukiongeza unyevu wa tabaka la juu mara mbili ya ule wa udongo mkavu, vumbi hupungua kama asilimia 75, mara tano, karibu asilimia 95. Ila boza likimwaga kupita kiasi, matope hushika matairi, hubebwa hadi kwenye lami ya lango kuu, hukauka na kusagwa kuwa unga mbele ya nyumba za watu. Majaribio yanayoendelea ni ya kumwaga kidogo mara nyingi, mzunguko ukifuata jua na idadi ya tipa badala ya ratiba moja ya asubuhi.

Kutenganisha vyanzo

Takwimu za C zimegawanywa kwa mwelekeo wa upepo, sekta za nyuzi 10, saa zenye upepo chini ya mita 0.5 kwa sekunde zikiwekwa kando. Katika kila sekta tunauliza: ni sehemu gani ya saa hizo ilikuwa kwenye robo ya juu ya vumbi? Swali hili halidanganywi na saa chache za ajabu kama wastani unavyodanganywa. Kinachopungua ni uwezo wa kutenganisha barabara na banda la klinka, maana kutoka C viko karibu mstari mmoja.

Jibu linatafutwa kwa kalenda ya kiwanda. Tanuri likizimwa kwa ukarabati wa matofali huku machimbo yakiendelea, bomba linaondoka kwenye mlinganyo. Tipa zikisimama tanuri likiwaka, inaondoka barabara. Kipindi cha kwanza cha aina hiyo kimepatikana: tanuri likiwa baridi, kilele cha asubuhi cha PM2.5 kwenye makazi ya bondeni kilipungua, ila PM10 ya jioni upepo ukitoka barabarani haikubadilika kwa kiwango cha kuzungumziwa. Kipindi kimoja hakitoshi. Mvua na upepo wa siku hizo vitalinganishwa na siku zinazofanana nazo tanuri likiwa linawaka.

Mapendekezo ya kibali: rasimu ya kwanza

Rasimu inayopelekwa kwa mdhibiti haigusi ukomo wa bomba. Inaongeza vifungu vinne. Kwanza, kipimo cha PM10 kwenye uzio, upande upepo unakotoka na upande unakoelekea, ukomo ukiwekwa kwenye tofauti kati ya viwili hivyo ili kiwanda kisilipe kwa vumbi la wengine. Pili, kiwango cha juu cha udongo laini kwenye barabara ya machimbo, kikipimwa kwa ungo kila mwezi. Ni kipimo cha bei ndogo na mkaguzi anaweza kukirudia mwenyewe. Tatu, kupakia klinka kusimame upepo unapozidi kasi iliyokubaliwa kwenye mlingoti wa mita 10, kengele ikilia kwenye chumba cha udhibiti, si kwenye barua pepe ya meneja. Nne, vipindi vya kuwasha tanuri viripotiwe kwa kilo zilizotoka, hata kama havina ukomo.

Kifungu cha tatu kitapingwa zaidi, na kasi ya upepo ya kusimamishia kazi bado haijapendekezwa. Inasubiri takwimu za alasiri za kituo D, na D inasubiri betri.